Core au Essential: swali la Gredi ya 10 ambalo wazazi hatujauliza

Tangu wanafunzi wa kwanza wa CBE, mfumo mpya wa elimu ya umilisi hapa Kenya, waripoti Gredi ya 10 mnamo Januari 12, 2026, mjadala wa hesabu umechukua sura moja, iwe ni nyumbani, kwenye matatu au kwenye mikutano ya wazazi. Core, hesabu nzito, ni ya werevu; Essential, hesabu nyepesi, ni ya waliobaki. Mzazi ambaye mwanawe yuko Core husema hivyo bila kuulizwa. Ambaye wake yuko Essential huharakisha kuongeza, "lakini Kiingereza chake ni kizuri sana." Naona jambo hili tumelishika kwenye makali badala ya mpini. Kugawa hesabu mara mbili si kosa, na Essential si somo la aibu. Hatari iko kwenye kuvuka. Mtoto wa miaka 15 aliyeanza Essential mwaka huu, akija kugundua mwakani kwamba kazi anayoitaka inadai Core, atarudi kwa njia gani? Na atakayeumia zaidi si yule aliyelemewa na hesabu tangu darasa la chini. Ni yule wa katikati, aliyechagua Sayansi za Jamii kwa sababu anapenda somo la Biashara, bila kuambiwa na mtu kwamba Biashara ya chuo kikuu ina hesabu ndani yake.

Turudi nyuma kidogo. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, kila mwanafunzi wa sekondari alisoma hesabu hadi Kidato cha Nne, apende asipende. Wengi wamesahau kwamba hata wakati huo zilikuwapo hesabu mbili kwenye orodha ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari: Alternative A yenye nambari 121, na Alternative B yenye nambari 122, iliyokuwa nyepesi zaidi. Shule zilizoandikisha watahiniwa wa Alternative B zilikuwa chache mno, kiasi kwamba walimu wengi walistaafu bila kuifundisha hata siku moja. Mtaala mpya ulipokaribia sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, taasisi ya mitaala ya KICD ilitangaza Machi 2025 kwamba hesabu haitakuwa miongoni mwa masomo ya lazima. Walimu na wazazi wakapinga vikali. Mwezi uliofuata Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza kwamba hesabu itabaki kwa kila mwanafunzi, ila kwa sura mbili: Core kwa mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Essential kwa mikondo ya Sayansi za Jamii na Sanaa na Michezo. Kwa hiyo Essential ilizaliwa kama maafikiano kati ya waliotaka hesabu iwe ya hiari na waliotaka ibaki kama zamani. Haikubuniwa kama darasa la walioshindwa, na anayeitazama kwa jicho hilo anaanza na historia isiyo yake.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala unalipindua. Watu wanazungumzia Core kana kwamba ni darasa teule, la wachache walioketi mbele. Lakini wizara imesema wazi kwamba inalenga takriban asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, asilimia 25 Sayansi za Jamii na asilimia 15 Sanaa na Michezo. Kundi hili la kwanza lilikuwa na zaidi ya watahiniwa milioni 1.1 wa KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9. Lengo hilo likitimia, Core ndilo darasa la wengi. Ndani yake watakuwamo mahiri, wa kawaida, na wale ambao shule yao ya karibu ilikuwa na nafasi za STEM tu. Essential ndilo darasa la wachache. Sifa tunayompa mtoto kwa kuwa Core, na aibu tunayomvika aliye Essential, mara nyingi hazina uhusiano wowote na uwezo wake.

Sasa tupime hoja. Wanaotetea mgawanyo wana hoja nzito. Kwa miaka mingi wastani wa kitaifa wa hesabu kwenye KCSE umekaa chini ya asilimia 40, na maelfu kwa maelfu ya watoto wamemaliza miaka minne wakiwa na E, daraja la chini kabisa, kwenye karatasi moja ile ile iliyotungiwa pia mhandisi wa kesho. Mtoto aliyekaa miaka minne mbele ya ubao asioufahamu hatoki na hesabu kidogo. Hutoka na woga mwingi, na woga huo huja kumrithisha mwanawe. Ukimpa hesabu ya fedha, vipimo, takwimu na uwezekano, akaifahamu vizuri, umemfaa kuliko kumburura kwenye vekta. Mimi nakubaliana na hoja hii karibu yote.

Upande wa pili wapo wanaosema watoto wote wasome hesabu moja, kwa sababu kugawa ni kubagua. Nao wana la kusikilizwa. Tunajua nani huelekezwa kwenye somo jepesi pale mwalimu anapochoka: mara nyingi ni msichana, ni mtoto wa shule isiyo na maabara, ni yule ambaye mzazi wake hana uwezo wa kuja shuleni kuuliza. Lakini dawa wanayopendekeza imeshajaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. Jiji la San Francisco kule Marekani liliamua mwaka 2014 kwamba watoto wote wasome hesabu moja hadi waingie sekondari ya juu, na aljebra ikaondolewa gredi ya nane ili asiwepo wa kutangulia. Familia zenye uwezo ziliwalipia watoto wao aljebra nje ya shule. Zisizo na uwezo zilisubiri. Mwaka 2024 bodi ya elimu ya jiji hilo ikapiga kura kuirudisha. Kumzuia anayeweza kwenda mbele hakujamvuta aliye nyuma. Kumehamisha tu somo kutoka darasani hadi mfukoni mwa mzazi, na sisi tunaoishi na tuisheni tunafahamu vizuri sana hali hiyo.

Hoja ya tatu naisikia sana kwa wazazi wenzangu: chukua Core hata ukipata D, kwa sababu Core haifungi mlango wowote. Inavutia, lakini ni nusu ya ukweli. Kwa utaratibu tuliouzoea wa kujiunga na vyuo vikuu, kozi zinazodai hesabu hudai daraja fulani, na kwa Uchumi au Uhandisi mara nyingi ni C+. D kwenye somo gumu haifungui mlango huo. Wakati huo huo saa za jioni zilizoliwa na Core zimetolewa kwenye masomo matatu ya kuchagua ambayo ndiyo yangembeba. Core humlinda mtoto anayeweza kuifikia kwa juhudi na mwalimu mzuri. Asiye na vyote viwili haimlindi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayotolewa kwa utulivu mkubwa, tena na watu wanaoheshimika: kwamba mtoto akimaliza Gredi ya 9 kipaji chake kimeshajulikana, KJSEA imeshasema, na kazi iliyobaki ni kumpeleka anakostahili. Naomba tuwatazame watoto wenyewe. Kundi hili lilikuwa Gredi ya 4 shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wakarudi darasani Oktoba. Waliingia Gredi ya 7 mwanzoni mwa 2023 wakiwa wa kwanza kabisa, katika sekondari msingi iliyopachikwa ndani ya shule za msingi muda mfupi kabla ya wao kufika, na shule nyingi zikiwa na mwalimu mmoja au wawili wa masomo yote. Mwalimu aliyesomea Kiswahili na Historia alifundisha hesabu kwa kuwa hakuwapo mwingine. Mwaka 2024 walimu vibarua wa sekondari msingi waligoma kwa wiki kadhaa kudai ajira ya kudumu, na haki yao ilikuwa wazi, lakini madarasa yalikaa bila mtu. Halafu Desemba 2025 mtoto huyo anapewa ME2 kwenye hesabu, daraja la nne kutoka juu kati ya madaraja manane. Hiyo ME2 inasimulia walimu aliowapata, miezi aliyokosa na vitabu vilivyochelewa, kabla haijasema lolote kuhusu akili yake. Hata hesabu ya kuwapanga wanafunzi inakiri kwamba mtihani mmoja hautoshi: KJSEA ilipewa asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20. Kama wapangaji wenyewe hawakuuamini mtihani mmoja kuchagua shule, kwa nini tuuamini kufunga somo?

Nina mpwa, binti wa dadangu, aliyepata ME2 hiyo. Yuko shule moja ya kutwa huku Kilifi, mkondo wa Sayansi za Jamii, na masomo yake ya kuchagua ni Biashara, Jiografia na Historia. Wikendi moja ya Januari tulikaa barazani nikamwuliza anataka kufanya nini akimaliza. Alinijibu bila kusita: "Mjomba, nataka kusoma Uchumi. Nijue kwa nini nazi Kaloleni inauzwa bei ya kutupa na mafuta yake tunauziwa ghali." Nikamwuliza kama mwalimu alimweleza kwamba Uchumi una hesabu. Akanyamaza kidogo. "Alisema ukichukua Biashara huendi Core. Nikamwuliza, na nikitaka baadaye? Akasema baadaye ni chuo."

Jibu hilo ndilo linalonisumbua, na simlaumu mwalimu, kwa kuwa naye amepewa chati yenye mistari iliyonyooka. Lakini chati hiyo ina ufa. Biashara imewekwa chini ya Sayansi za Jamii, na Sayansi za Jamii imeunganishwa na Essential. Ilhali kozi ambazo Biashara huelekea huko mbele, kama Uchumi, Uhasibu, Takwimu na zile hesabu za hatari ambazo kampuni za bima huzitegemea, zimekuwa zikidai hesabu kwa miaka yote tunayoikumbuka. Anayetaka Sheria hana shida. Chini ya utaratibu wa 8-4-4 Sheria imetazama Kiingereza au Kiswahili, na Essential haitamzuia. Anayetaka uanahabari au ualimu wa lugha pia hana shida. Anayetaka udaktari yuko STEM tayari. Mtoto anayeachwa kwenye ufa ni huyu wa Biashara, naye si mmoja wala wawili. Je, akiomba kuchukua Core huku akibaki Sayansi za Jamii? Hata mwalimu mkuu akimkubalia kwa moyo mkunjufu, ratiba ndiyo itakayoamua.

Niikalie ratiba kidogo, kwa sababu hapa ndipo sera hugeuka kuwa maisha ya mtoto. Shule inaweza kupanga Core na Essential kwa wakati mmoja. Ikifanya hivyo, mwanafunzi anayetaka kuvuka huinuka tu darasa hili akaingia lile, na hapotezi somo jingine. Lakini mpango huo unadai walimu wawili wa hesabu kwa wakati mmoja, na shule nyingi ndogo za kutwa hazina anasa hiyo. Kwa hiyo hupanga Core saa hii na Essential saa nyingine, mwalimu mmoja akafundisha zote mbili. Ni busara ya uhaba, wala sioni wangefanyaje vingine. Matokeo yake ni kwamba saa ya Core inagongana na Jiografia au Historia, na kuvuka maana yake ni kuacha somo. Shule kubwa za bweni zenye walimu wanane wa hesabu hazitaujua ugumu huu kabisa. Kwa hiyo mlango wa kurudi utakuwa wazi kwa wale ambao hawakuuhitaji sana, na kufungwa kwa wale waliopangiwa Essential na mazingira yao. Hakuna sheria iliyoandika hivyo; itakuwa kazi ya upungufu wa mwalimu mmoja.

Na kila wiki inayopita, umbali unaongezeka. Core ya Gredi ya 10 inaingia kwenye vipeo na logarithimu, kisha vekta. Anayechelewa muhula mmoja anaweza kukimbia akafika. Anayechelewa mwaka mzima anahitaji mtu wa kumshika mkono. Nchi zilizotutangulia kugawa hesabu zimeliona hili. Uingereza ina karatasi mbili za GCSE, ya chini na ya juu. Aliyeandikishwa ya chini hawezi kupata zaidi ya daraja la 5 kati ya 9 hata akijibu kila swali sawasawa. Ufini wana hesabu ndefu na hesabu fupi katika sekondari ya juu, na kila mwalimu wa huko anajua kwamba kutoka ndefu kwenda fupi ni mteremko, na kutoka fupi kwenda ndefu ni mlima. Ufini inatufundisha jambo la pili pia. Kuanzia mwaka 2020 vyuo vikuu vyake vilianza kupokea wengi wa wanafunzi kwa pointi za mtihani wa mwisho wa sekondari, na hesabu ndefu ikapewa pointi nyingi hata kwenye kozi zisizotumia hesabu sana. Vijana wakaikimbilia, wakiwamo wasioipenda. Thamani ya somo hupangwa na mlango wa chuo, na mtaala hauna la kufanya.

Majirani zetu Tanzania wanalithibitisha hilo kwa namna iliyo karibu nasi zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) au EGM (uchumi, jiografia na hesabu) huchukua Advanced Mathematics, hesabu nzito. Wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia na jiografia) huchukua BAM, yaani Basic Applied Mathematics, hesabu nyepesi, somo la nyongeza. Sijawahi kukutana na mzazi wa Dar es Salaam anayeona haya kwamba mwanawe yuko PCB na anasoma BAM. Kwa nini aone haya, wakati PCB ndiyo njia ya udaktari? BAM ni nyepesi na kila mtu anajua ni nyepesi, lakini inajulikana inakwenda wapi. Tena uamuzi huo hufanywa baada ya miaka minne ya sekondari yenye hesabu moja kwa wote, mtoto akiwa amekaribia utu uzima. Sisi tumeuleta kwa mtoto wa miaka 15, na hatujamwonyesha unakokwenda.

Hapo ndipo naiona Alternative B kwa macho mapya. Watu huitaja kama ushahidi kwamba Wakenya hawataki hesabu nyepesi. Mimi naisoma tofauti: haikuwa na mahali pa kumpeleka mtoto ambapo mzazi angepaona, na mwalimu mkuu hangehatarisha jina la shule kwa karatasi isiyojulikana inanunua nini. Essential itakufa kifo hicho hicho ikiwa vyuo vitanyamaza hadi 2028, mwaka ambao kundi hili litamaliza Gredi ya 12. Wazazi wataikimbia, Core itafurika watoto wasioihitaji, na tutarudi kwenye zile E za zamani kwa jina jipya. Vyuo vikuu na KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, havina sababu ya kusubiri. Waandike sasa, kozi kwa kozi, ni zipi zitapokea Essential na kwa daraja gani. Kwa Uchumi na Uhasibu, waseme kama kutakuwa na kozi ya hesabu ya kujazia mwaka wa kwanza kwa atakayefika na Essential nzuri. Mtoto wa Gredi ya 10 anaweza kufanya uamuzi mgumu akiwa na ukweli mkononi. Kumwachia abahatishe si haki.

Kwa upande wa shule, kuna jambo linalowezekana bila kuajiri mtu: mada ambazo hesabu zote mbili zinashirikiana zifundishwe kwanza, kwa mpangilio mmoja, muhula mzima wa kwanza, na zile za Core peke yake zisubiri muhula wa pili. Walimu wawili wa shule jirani wameniambia wanalifanya hilo kimyakimya, kwa uamuzi wao. Mtoto akivuka Aprili anakuta wenzake mlangoni, hawajaenda mbali. Linafaa kuwa agizo la wizara, lisiachiwe wema wa mwalimu.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Mwishoni mwa Desemba, dirisha la kubadilisha shule lilipofunguliwa, tuliona jinsi familia zilivyohangaika: simu usiku, safari kwa wakuu wa shule, watu kuomba wajuane na fulani. Yote hayo kwa jina la shule. Sikumsikia hata mmoja akiuliza mwanawe atasoma hesabu gani, na akitaka kubadili itakuwa muhula gani, na ataliacha somo lipi. Nilikuwa miongoni mwao. Nilimsaidia dadangu kutafuta shule iliyo karibu na nyumbani, tukafurahi tulipoipata, tukafunga karatasi.

Jumapili iliyopita binti huyo alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake. Ananakili maelezo ya Core kutoka kwa rafiki yake wa STEM wanayerudi naye nyumbani jioni, na amefika kwenye logarithimu. Kwenye mstari wa tatu alikuwa amejumlisha pale panapotakiwa kutoa, akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika upya vizuri. Muhula unafungwa mwanzoni mwa Aprili. Nimemwomba aende kwa mwalimu wake kabla ya hapo na swali moja tu: kufikia siku ya kufunga, Core watakuwa wamemtangulia kwa mada ngapi, na ni nani atakayemwongoza kuzifikia.